Jicho, Uta na Kilengeo

Mwindaji wa upinde hupima mambo matatu kabla ya kuuachia mshale wake: nguvu ya mkono, umbali wa mnyama, na njia ya mshale hewani. La kwanza hulijua kwa mazoezi. La tatu hutokana na hayo mengine. La pili, yaani umbali, ndilo limdanganyalo. Na hila zote zilizobuniwa na wanadamu kwa ajili ya kulenga zilibuniwa kwa sababu ya udanganyifu huo mmoja.

Siku moja mwanafunzi wangu, aliyekuwa akifasiri maandishi ya wawindaji wa Marekani, alinijia na swali. Maandishi yale yalieleza jinsi ya kuchagua kifaa kinachofungwa ubavuni mwa upinde ili kuliongoza jicho, naye alikosa jina la kukiita. Nilimshauri atumie kilengeo, na katika insha hii nitalitumia jina hilo. Lakini swali lake halikuniacha. Kiswahili kina maneno ya sehemu zote za silaha hii: uta au upinde wenyewe, upote unaovutwa, wano la mshale, chembe chake cha chuma, na podo la kuichukulia mishale. Kwa kulenga tuna neno shabaha, nalo hubeba maana mbili: kile kinacholengwa, na ustadi wa yule anayelenga. Twasema kwamba mtu ana shabaha, kama tusemavyo kwamba ana sauti au ana akili. Kwa wasemaji wa lugha hii shabaha ilikuwa mali ya mtu. Haikuwa kitu cha kufungwa kwa parafujo.

Basi nataka kueleza jinsi sehemu ya mali hiyo ilivyotolewa katika mtu ikatiwa katika kifaa, na jinsi ambavyo historia hiyo yaweza kumwongoza yeyote anayetaka kuchagua kilengeo. Rai yangu ni kwamba mwindaji hachagui kifaa kwanza. Huchagua umbali, na kifaa hufuata.

Tuanze Uingereza, ambako mambo haya yaliandikwa mapema. Roger Ascham alitoa kitabu chake *Toxophilus* mwaka 1545 na kumtunukia Mfalme Henry wa Nane. Shauri lake juu ya kulenga lilikuwa jepesi kusema na gumu kutenda: jicho likae juu ya shabaha, lisiutazame mshale. Karne tatu zilipita kabla ya kutokea mtu wa kulipinga kwa hoja na kwa matendo. Mtu huyo alikuwa Horace Ford, aliyekuwa bingwa wa nchi yake mara 11 mfululizo tangu mwaka 1849 hata 1859. Mwaka 1856 alichapisha kitabu juu ya nadharia na vitendo vya upinde, akafundisha kwamba mshale uvutwe mpaka uwe chini ya jicho linalolenga, na ncha yake iwekwe juu ya alama fulani. Kwa umbali mmoja tu ncha hukutana na shabaha yenyewe. Shabaha ikiwa karibu zaidi, alama huwa chini yake; ikiwa mbali zaidi, alama huwa juu yake. Mwaka 1857 Ford alipata pointi 1,251 katika mashindano, na watu wakaona kwamba njia yake haikuwa maneno matupu.

Walakini tuangalie uwanja aliousimamia Ford. Katika mashindano ya mtindo wa York mpigaji hupiga mishale 72 kwa yadi 100, 48 kwa yadi 80, na 24 kwa yadi 60. Umbali umekwisha kupimwa kabla ya mtu kufika na upinde wake. Shabaha haitembei, haisikii, wala haina damu. Njia ya kulenga kwa alama ilistawi mahali ambapo lile jambo la pili, lenye udanganyifu, limekwisha kuondolewa. Mwindaji alipoiazima, aliichukua bila ya ule uwanja uliopimwa. Fundo la habari yetu liko hapo.

Mwaka 1911 alitokea katika mji wa Oroville, huko California, mtu mmoja wa kabila la Wayahi, wa mwisho wa watu wake. Alipewa jina la Ishi, akakaa katika jumba la makumbusho huko San Francisco mpaka alipokufa mwaka 1916. Daktari Saxton Pope, aliyekuwa akimtibu, akawa mwanafunzi wake katika upinde. Pope aliandika kwamba Ishi hakuwa hodari mbele ya shabaha kubwa yenye rangi za kung'aa, kwani rangi zile zilimvuruga. Bali kwa kitu kidogo kilicho karibu, mshale wake ulikuwa wa kuogopwa. Aliwinda kwa kuchutama, kwa kungoja, na kwa kuigiza kilio cha sungura mpaka wanyama wakamjia wenyewe. Ishi hakutafuta namna ya kuujua umbali, aliufupisha. Waswahili husema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na methali hiyo yatosha kuwa kitabu kizima cha uwindaji wa Ishi.

Mafunzo hayo yalifika mpaka kwetu. Mwaka 1925 Pope, pamoja na rafiki yake Arthur Young na mwandishi Stewart Edward White, walikuja Tanganyika kuwinda simba kwa pinde. Hawakuwa na vilengeo. Walikuwa na pinde ndefu za namna ya Kiingereza, na bunduki ya White ilikuwa nyuma yao. Baadhi ya simba walikufa kwa mishale, na wengine ikabidi bunduki iimalize kazi. Pope alitoa kitabu juu ya safari hiyo mwaka 1926, na mwaka huo huo akafariki.

Yafaa kumweka mbele ya wageni hao mwindaji mwingine, aliyekuwa akiishi upande wa pili wa mpaka. Nyuma ya pwani ya Kenya, katika nyika za mto Galana, Waata, ambao majirani zao huwaita Waliangulu, waliwinda ndovu kwa pinde ambazo kuzivuta kulitaka nguvu ya zaidi ya ratili 100. Wao pia hawakuwa na kilengeo. Chembe cha mshale kilipakwa sumu iliyopikwa kwa mti wa mchungu, ambayo nguvu yake hutoka katika kitu kiitwacho ouabaini. Mkemia Arnaud wa Ufaransa alikitenga mwaka 1888, naye daktari hukijua kwa kazi yake juu ya moyo. Sumu hubadili maana ya kulenga. Mwenye mshale wa sumu huhitaji nguvu ya kuipenya ngozi nene. Mahali pa kupiga pana nafasi. Mwenye mshale usio na sumu sharti chembe chake kipite katika mapafu au moyo, na kikikosa, mnyama huondoka na jeraha akafie mbali au aishi na maumivu. Hata hivyo Mwaata, ambaye sumu ilimsamehe makosa mengi, alinyatia hadi hatua chache kutoka kwa ndovu.

Mwaka 1948 mbuga ya Tsavo ilitangazwa kuwa hifadhi juu ya sehemu ya nchi waliyoiwinda. Kati ya 1956 na 1958 serikali ya kikoloni iliwasaka kwa kampeni kubwa, na wengi wakatiwa gerezani. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana ili wawinde kwa idhini, lakini haukudumu. Na mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji. Sisemi kwamba ndovu hawakustahili ulinzi, wala kwamba biashara ya pembe haikuwa na mkono wake katika mambo hayo. Nasema tu kwamba katika himaya ile ile ya Waingereza, mgeni aliyempiga simba mshale aliandika kitabu akasifiwa, na mwenyeji aliyempiga ndovu mshale aliandikwa katika daftari la mahakama. Shabaha ya mmoja ikahifadhiwa katika maktaba. Ya mwingine ikabaki katika mikono ya wazee, na wazee hufa.

Turudi Marekani, ambako kilengeo kilipata soko. Mwaka 1934 jimbo la Wisconsin lilitenga msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde peke yake, na majimbo mengine yakafuata. Wawindaji wengi wa siku zile walilenga kwa jicho na mazoea, kama alivyofanya Fred Bear, fundi na mwindaji mashuhuri wa Michigan. Wengine walichomeka sindano yenye kichwa katika utepe uliobandikwa juu ya upinde. Mageuzi makubwa yalikuja na Holless Wilbur Allen wa Missouri, aliyeomba hataza mwaka 1966 na kuipata mwaka 1969. Upinde wake ulikuwa na magurudumu kama kapi za jahazi, yasiyozunguka juu ya kitovu chake, hata upote ukifika nyuma uzito hupungua mkononi. Mwenye upinde wa mti, akisha vuta, mkono humtetemeka na lazima auachie upesi. Mwenye upinde wa kapi aweza kutulia na kutazama. Kwa utulivu huo kilengeo kilipata nafasi ya kutumika kwa mnyama.

Sasa tupime faida yake kwa hesabu, tukiacha upinzani wa hewa. Mshale wa upinde wa mti huenda kama mita 50 kwa sekunde. Wa upinde wa kapi huweza kufika mita 90. Tuseme mwindaji amekadiria kwamba kulungu yuko mita 30, kumbe yuko mita 35. Mshale wa kwanza utapita chini ya alama kwa sentimita 34 hivi. Wa pili kwa sentimita 10 au 11. Kifua cha kulungu wa Marekani, pale penye moyo na mapafu, kina upana wa sentimita 20 hadi 25. Basi kosa lile lile la jicho humfanya wa kwanza akose kabisa au avunje mguu, na humwacha wa pili ukingoni mwa mahali pa kifo. Angalia vema: kilichomwokoa wa pili ni mwendo wa mshale. Kilengeo chake kilikuwa sahihi na jicho lake lilikosa.

Kwa hiyo mwenye kuchagua na aanze na swali hili: ni umbali gani ambao mishale yangu yote, nikiwa nimechoka na moyo ukinidunda, huingia katika duara la sentimita 20? Huo ndio mpaka wake. Anayewinda msituni, ambako mnyama hutokea ghafula kwa mita 15 au 25, atafaidika na sindano chache zisizosogezwa, kila moja na umbali wake. Sindano nyingi humchanganya wakati wa haraka. Anayekaa mahali pamoja na kupima umbali kabla ya mnyama kuja aweza kutumia sindano moja inayosogezwa, ambayo huacha uwanja wa macho wazi. Nyuzi zinazokusanya nuru humfaa mtu wa alfajiri na magharibi. Lakini unene wa sindano nao una gharama: sindano ya nusu milimita, ikiwa sentimita 80 kutoka jichoni, huficha sentimita mbili na nusu za mnyama aliye mita 40, iliyo nene zaidi huonekana upesi gizani na huficha zaidi. Kitundu kidogo kinachofungwa katika upote hulifanya jicho lirudi mahali pale pale kila mara, kama Ford alivyotaka, bali gizani huupunguza mwanga.

Baada ya hayo yote limebaki jambo ambalo hakuna kilengeo kiwezacho kulitenda. Sauti ya upote huenda mita 340 kwa sekunde. Kwa mita 50, kulungu husikia kiasi cha nne za kumi za sekunde kabla ya mshale kufika, na katika muda huo aweza kuinama au kugeuka. Sindano ilikuwa juu ya moyo, na moyo haupo tena. Mwenye kununua kifaa ili apige mbali zaidi amenunua muda wa mnyama kuondoka, na sehemu ya deni hilo hulipwa na mnyama aliyejeruhiwa.

Nilimrudia mwanafunzi wangu, nikamwambia kwamba neno kilengeo lafaa kwa kile kifaa, na neno shabaha libaki kwa mtu. Nikamwomba pia jambo jingine: akienda likizo kwao, nyuma ya Malindi, awaulize wazee walivyoviita vitendo vya kunyatia, kuvuta na kuachia, ayaandike maneno yao kabla hayajapotea. Kilengeo chaweza kuwekwa sandukuni na kurithiwa. Shabaha huzikwa na mwenyewe, isipokuwa kwa yule aliyefundishwa.