Lini Baruti Huwa Taka? Masharti ya Mazingira na Mikataba ya Jeshi huko Camp Minden, Louisiana

Katika sheria za Marekani neno "taka" lina historia yake, na sehemu ya historia hiyo iliandikwa Camp Minden, jimboni Louisiana, mahali palipokuwa zamani kiwanda cha risasi cha jeshi. Mwaka 1980 Shirika la Kulinda Mazingira la nchi hiyo lilipiga marufuku kuchoma taka hatari mahali pa wazi, likaacha upenyo mmoja tu: taka za milipuko zisizoweza kuangamizwa kwa usalama kwa njia nyingine. Kanuni ya mwaka 1997 ikaongeza kwamba zana ya kivita ambayo haijatumika haihesabiwi kuwa taka madhali inafumuliwa ili malighafi yake itumike tena.

Ufafanuzi huo una uzito kuliko unavyoonekana. Mkandarasi anayepokea baruti ili aiuze anashika bidhaa. Anayeipokea ili aiangamize anashika taka, na taka hudai kibali na ukaguzi wa aina yake. Mwaka 2010 kampuni ya Explo Systems ilipewa na jeshi mkataba wa kufumua chaji za mizinga. Baruti ya M6 iliyotoka humo ilitarajiwa kupata wanunuzi, na hati ndizo zilizopaswa kuthibitisha kuwa wapo. Waendesha mashtaka walidai baadaye kwamba hati hizo zilikuwa za uongo.

Tarehe 15 Oktoba 2012 ghala moja lililipuka, likavunja vioo vya madirisha maili kadhaa kutoka hapo. Polisi wa jimbo walipokagua mwezi uliofuata walikuta mamilioni ya ratili za baruti yamerundikwa ovyo, mengine nje kabisa. Wakazi wa mji mdogo wa Doyline wakatakiwa kuhama kwa muda. Mwaka 2013 kampuni ilifilisika, ikaacha ratili zipatazo milioni 15. Hapo bidhaa ikawa taka, ingawa hakuna punje iliyobadilika jina kwenye pipa lake.

Kilichokuwa kikibadilika ni kemia. M6 hutulizwa na difenilamini, nayo hupungua kadiri miaka inavyopita. Ikiisha, baruti inaweza kujiwasha yenyewe. Kwa hoja hiyo ya haraka, makubaliano ya Oktoba 2014 yaliamua baruti ichomwe kwenye trei mahali pa wazi, yaani kupitia upenyo uleule wa mwaka 1980. Wakazi walikataa. Walijua kwamba M6 ina dinitrotoluini, na kwamba moshi hauna mpaka wa kambi. Hoja ya usalama haikuwa ya uongo, lakini ilikuwa imetumika kufunga mjadala kabla haujaanza.

Mpango ukabadilishwa. Mkataba mpya ulidai tanuri lililofungwa, lenye mitambo ya kusafisha moshi, na uchomaji ulioanza mwaka 2016 ulikamilika Aprili 2017. Sharti zito kuliko yote la mazingira liliingia mkatabani baada ya mlipuko, kufilisika na mikutano ya hadhara, likiletwa na watu ambao mkataba wa kwanza haukuwataja.