Lenzi ya kwanza: msikimbilie zuumu

Wadau, mnaniuliza mnunue lenzi gani baada ya ile 18-55 inayokuja na kamera. Mimi nasema 50mm f/1.8. Ile 18-55 ukiivuta mpaka mwisho inaishia f/5.6, hii inaingiza mwanga karibu mara kumi yake. Harusi ya dada yangu nilipiga na 18-55 bila flashi, picha za keki zote zikatoka zimetikisika, na keki haikatwi mara mbili jamani.

Wenye Nikon D3500 au D5600 angalieni: bodi haina mota, hivyo 50mm f/1.8D utalenga kwa mkono tu. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Wa Canon, ile STM ya 2015 inatosha. Ila kwenye kamera hizi 50mm inabana kama 75 au 80, so kama unapigia sebuleni chukua 35mm.