Mbwa wa Nome: Mashindano ya Nchi ya Barafu

Wasikilizaji wetu, jioni hii twataka kuwasimulia habari za mashindano ya mbio. Si mbio za miguu kama zile tuzionazo katika viwanja vya shule, wala si mbio za farasi. Ni mbio za mbwa waliofungwa kamba, wakikokota gari lisilo na magurudumu juu ya theluji, mwendo wa mamia ya maili. Labda baadhi yenu watauliza, "Habari hizi zatuhusu nini sisi, tusioona theluji ila kwa mbali, kileleni pa Kilimanjaro?" Twawaomba mvumilie kidogo. Tukifika mwisho mtaona ya kuwa jambo lililoitwa mchezo lilikuja kuokoa watoto wa mji.

Nchi yenyewe ni Alaska, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Amerika. Serikali ya Marekani iliinunua kwa Warusi mwaka 1867, na tangu mwaka 1959 ni moja katika majimbo ya Marekani. Mji wa Nome uko pwani yake ya magharibi, ukitazamana na bahari ya Bering. Wakati wa baridi bahari hiyo huganda ikawa ngumu kama sakafu, na hapo zamani meli hazikuweza kufika kwa muda wa miezi mingi. Hapana reli wala barabara iuunganishayo mji huo na miji mikubwa ya nchi.

Tangu kale wenyeji wa Alaska, yaani watu wa Inupiat wa pwani na Waathabaska wa bara, walijua kumtumia mbwa katika safari. Gari la theluji hutengenezwa kwa mbao nyembamba, na chini yake pana miti miwili mirefu iliyolainishwa, ambayo huteleza juu ya theluji kama ngalawa majini. Mbwa hufungwa wawili wawili katika kamba moja ndefu, na mbele kabisa huwekwa mbwa kiongozi. Mwendeshaji husimama nyuma. Hana hatamu ya kuwageuza, bali huwaongoza kwa sauti tu. Kwa hiyo mbwa kiongozi ndiye akili ya kundi lote. Asikiapo neno la kwenda kulia hugeuka, na wote humfuata. Tena kiongozi aliye bora hujua hata kukataa amri: akitambua ya kuwa barafu iliyo mbele ni nyembamba, husimama, ijapokuwa bwana wake anamfokea.

Mwaka 1898 watu watatu kutoka nchi za Skandinavia walipata dhahabu katika kijito karibu na mahali hapo. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana hata katika mchanga wa pwani, na watu wakamiminika kwa maelfu. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mji wa Nome. Farasi hawakufaa katika theluji nyingi. Basi mbwa ndio waliochukua barua, chakula, wagonjwa, na dhahabu yenyewe. Na penye watu wengi wenye mbwa, hapakosi majivuno. Kila mtu alisema mbwa wake ndio bora kuliko wote.

Ili kuyakata maneno hayo, mwaka 1907 wenye mbwa walifanya chama chao, na mwaka 1908 wakaanzisha mashindano makubwa. Njia ilitoka Nome mpaka kijiji cha Candle, kisha kurudi Nome, jumla yake maili 408. Njia hiyo ilipita pwani penye upepo, ikapanda vilima, ikavuka mito iliyoganda. Habari za waendeshaji zililetwa mjini kwa simu kutoka nyumba za wageni zilizokuwa njiani, na watu wakapiga kamari kwa fedha nyingi. Mshindi wa kwanza, John Hegness, alitumia zaidi ya saa 119.

Hapa twapenda mwangalie sana sharti moja la mashindano yale. Mwendeshaji alilazimika kurudi na mbwa wote aliotoka nao, wazima au wafu. Hakuruhusiwa kumwacha njiani aliyechoka na kumtwaa mwingine. Mbwa akishindwa kutembea, sharti apakiwe garini na kukokotwa na wenzake. Kwa hiyo mtu mkali, apigaye mbwa na kuwakimbiza bila kupumzika, alijiadhibu mwenyewe. Watu wakajifunza kupima nguvu za mbwa, kuwapa chakula chema kwa wakati wake, na kuwavika viatu vidogo vya kitambaa ili barafu isiwakate nyayo. Mskoti mmoja aliyeitwa Allan alisifiwa sana kwa utunzaji wa namna hii, akashinda mwaka 1909, tena mwaka 1911 na 1912. Vita Kuu ya kwanza ilipokuwa ikipiganwa, ni yeye aliyepeleka Ufaransa mbwa zaidi ya 400, wakawakokotea askari mizigo katika milima ya Vosges.

Mwaka 1909 palitokea jambo la kuchekesha. Mfanya biashara mmoja alileta mbwa kutoka Siberia, ng'ambo ya bahari, waliofugwa na watu wa kabila la Chukchi. Walikuwa wadogo kuliko mbwa wa Nome, na watu wakawacheka, wakawafananisha na panya. Lakini mbwa hao wadogo wakafika wa tatu. Mwaka 1910 John Johnson, mzaliwa wa Finland, akaendesha mbwa wa Siberia akashinda kwa muda wa saa 74 na dakika 14. Hakuna aliyeuvunja muda huo mpaka mwaka 2008, yaani baada ya miaka 98, mashindano yalipofanywa tena kwa ukumbusho wa miaka mia. Wale waliocheka walinyamaza.

Mwaka 1914 alijitokeza mtu mpya, Leonhard Seppala, Mnorwe aliyezaliwa mwaka 1877, mfanya kazi wa kampuni ya dhahabu. Hakuijua njia vema. Dhoruba ikamkuta, akapotea, mbwa wakamchukua mpaka karibu na ukingo wa jabali lililo juu ya bahari. Aliwazuia kwa shida, akaona nyayo zao zimekatwa-katwa na barafu. Akaacha mashindano, akarudi na aibu yake. Lakini hakumlaumu mbwa hata mmoja, alijilaumu mwenyewe. Mwaka mzima akajifunza njia na kuwafundisha mbwa wake, na mwaka 1915 akamshinda Allan. Akashinda tena mwaka 1916 na 1917. Kisha vita vilifika Marekani, dhahabu ilikuwa imepungua, na mashindano ya Nome yakakoma.

Mtu angeweza kusema, "Basi, mchezo umekwisha, umebaki na faida gani?" Jibu lilikuja baada ya miaka minane.

Mwezi wa Januari mwaka 1925 daktari wa Nome, Curtis Welch, aliona watoto wanaugua koo. Koo liliota utando, pumzi ikaziba, na watoto kadhaa wakafa. Akatambua ya kuwa ni dondakoo. Siku hizi watoto hukingwa na ugonjwa huo kwa sindano, lakini siku zile mtoto aliyekwisha kushikwa aliponyeka kwa dawa maalum tu, na dawa aliyokuwa nayo daktari ilikuwa imepita wakati wake. Bahari ilikuwa imeganda. Eropleni chache za nchi hiyo zilikuwa zimefunguliwa vipande vipande kwa ajili ya baridi. Tena watu walikumbuka ya kuwa miaka michache nyuma, mwaka 1918, homa ya mafua iliwaua wenyeji wengi sana wa pande zile. Daktari akapeleka habari kwa simu ya upepo, akiomba msaada.

Dawa ilipatikana katika hospitali ya reli mjini Anchorage. Gari moshi likaifikisha Nenana, na hapo reli ikawa imekwisha. Kutoka Nenana mpaka Nome palikuwa na maili 674, njia ya theluji, na baridi ilishuka mpaka digrii 50 chini ya sifuri kwa kipimo cha Farenhaiti. Ili mpate kuupima mwendo huo, fikirini mtu aliyetoka Mombasa kwa reli ya zamani mpaka Nairobi, akarudi Mombasa, na bado ameongeza kidogo. Barua za kawaida zilichukua njia hiyo kwa muda wa siku 25 hivi. Serikali ikaagiza waendeshaji wajipange njiani na kupokezana, usiku na mchana, kama matarishi.

Wa kwanza, Shannon, aliondoka usiku wa tarehe 27 Januari. Alifika kituoni uso umekuwa mweusi kwa baridi, na baadhi ya mbwa wake wakafa. Waliofuata walikuwa wengi wao Waathabaska, wachukuzi wa barua walioijua njia kama mtu ajuavyo ua wa nyumba yake: Edgar Kalland, Jack Nicolai, Edgar Nollner, George Nollner na wengine. Charlie Evans, mbwa wake wawili wa mbele walipolemewa na baridi, alijifunga kamba mwenyewe akalikokota gari mbele ya mbwa waliosalia, mpaka akafika.

Seppala naye alitoka Nome kuilaki dawa. Mbwa wake kiongozi aliitwa Togo, mwenye umri wa miaka 12. Alipokuwa mtoto alikuwa mgonjwa na mtundu, hata Seppala akampa mtu mwingine. Togo akaruka dirishani akavunja kioo, akarudi kwao. Sasa mbwa huyo mzee alikimbia maili 170 kwenda. Katikati ya dhoruba Seppala alikuwa karibu kumpita mwendeshaji aliyekuja na dawa, asijue ya kuwa ndiye, mpaka mwenzake akapiga kelele. Akaipokea, akageuka papo hapo, akavuka ghuba ya Norton juu ya barafu, upepo ukivuma na giza likiingia. Alichukua dawa maili 91, na hapana mwingine aliyechukua hata nusu ya hizo ila wachache. Muda si mrefu baada ya yeye kupita, barafu ile ikapasuka ikaenda baharini.

Dawa ikapokewa na Charlie Olson, kisha na Gunnar Kaasen, ambaye mbwa wake kiongozi aliitwa Balto. Upepo ukalipindua gari, na mzigo ukaanguka thelujini. Kaasen akapapasa gizani kwa mikono mitupu mpaka akaupata. Alipofika kituo cha mwisho akaona taa imezimwa, na mwenziwe amelala, akaendelea mbele. Alfajiri ya tarehe 2 Februari, saa kumi na moja na nusu, akaingia Nome. Mwendo wote ulikuwa umechukua siku tano na nusu. Dawa ilikuwa imeganda, lakini hapakuvunjika hata kichupa kimoja. Ikayeyushwa, ikatumiwa, na ugonjwa ukazuiwa.

Hapo ndipo panapotuuma sisi tuandikao historia. Magazeti yalimwona yule aliyefika mwisho. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule sanamu ya Balto ilisimamishwa katika bustani kubwa ya mji wa New York, na ipo hata leo. Togo, aliyekimbia maili 261 kwa kwenda na kurudi, alitajwa kidogo tu. Na wale wachukuzi wenyeji hawakutajwa kabisa katika magazeti mengi. Waendeshaji walikuwa 20, na mbwa walikuwa yapata 150. Wala sifa haikumfaa Balto mwenyewe. Yeye na wenzake waliuzwa, wakaonyeshwa kwa fedha katika chumba kichafu huko Los Angeles, mpaka mwaka 1927 watu wa Cleveland walipochanga dola 2,000 kuwakomboa. Katika waliochanga walikuwamo watoto wa shule, waliotoa senti zao. Twawaambia wanafunzi wetu neno hili kwa makusudi.

Baadaye eropleni zilichukua kazi ya barua, na katika miaka ya 1960 magari madogo ya moto yakaingia vijijini. Mbwa wakatoweka nyuani. Ndipo Joe Redington na wenzake walipoona ya kuwa ujuzi wa vizazi vingi utapotea, na mwaka 1973 wakaanzisha mashindano ya Iditarod, kutoka Anchorage mpaka Nome, kiasi cha maili 1,000. Wengi hudhani yalianzishwa kwa ukumbusho wa ile dawa tu. Kusudi la kwanza lilikuwa kuokoa mbwa na njia yao. Mshindi wa kwanza alitumia siku 20. Mwaka 1974 alishinda Carl Huntington, na mwaka 1975 Emmitt Peters, wote wawili Waathabaska. Mwaka 1985 Libby Riddles aliingia katika dhoruba ambayo wanaume waliogopa kuitokea, akawa mwanamke wa kwanza kushinda. Wako pia watu wayapingao mashindano haya, kwa kuwa mbwa wengine wamekufa njiani. Na kwa ajili hiyo madaktari wa wanyama hukaa vituoni kuwakagua mbwa. Lile sharti la zamani la Nome, la kumrudisha kila mbwa uliyetoka naye, bado ndilo kipimo cha haki cha kumhukumu mwendeshaji.

Basi, wasikilizaji wetu, tumejifunza nini? Wazee wetu husema kidole kimoja hakivunji chawa. Dawa ile haikufikishwa na Balto, wala na Togo peke yake, bali na mikono 20 iliyopokezana, na kama mmoja angalisema, "Mimi si wa kwanza wala wa mwisho, nani ataniona?" watoto wa Nome wangalikufa. Mkisoma katika vitabu habari ya mtu mmoja aliyefanya jambo kubwa, ulizeni: Ni nani aliyempokeza? Kwa herini.