Sugu

Mbuni wa kahawa aina ya Ruiru 11, uliotolewa kwa wakulima mwaka 1985, ni sugu kwa ugonjwa wa chulebuni: uwezo huo umezaliwa nao. Mpiga dawa wa mashamba ya kahawa ya Thika na Ruiru tukimwita sugu, tunamdanganya, amezoea tu. Viuadudu vya oganofosfeti hukandamiza kimeng'enya cha kolinesterasi. Akivipata kidogokidogo, vipokezi vya neva hupungua, dalili za sumu kama jasho na kichefuchefu zikamwacha, ilhali kimeng'enya bado ni haba. Pampu ikimvujia mgongoni, dozi ndogo tu yaweza kumwangusha. Mtu atasema mnywaji naye huizoea pombe, tena ini lake huongeza vimeng'enya vya kuivunja. Kweli kabisa, na ini hilohilo huendelea kuharibika.