Asidi ya laktiki na maumivu ya siku ya pili

Kawempe ni mojawapo ya tarafa tano za jiji la Kampala, na katika soka la wanawake nchini Uganda jina lake ni kubwa. Shule ya Kawempe Muslim ndiyo iliyomlea mshambuliaji Juliet Nalukenge, aliyekwenda baadaye kucheza Cyprus.

Mchezaji anayerudia mbio fupi za kasi huhisi mapaja yakiwaka moto. Asubuhi ya pili akishindwa kushuka ngazi, huambiwa kuwa asidi ya laktiki imemganda miguuni. Maelezo hayo yameenea sana viwanjani, lakini si sahihi.

Juhudi inapozidi, misuli huvunja glukosi upesi kuliko inavyoweza kuimalizia kwa oksijeni, na zao lake ni laktati. Mtu aliyetulia huwa na takriban milimoli 1 ya laktati katika lita ya damu. Baada ya mbio kali huweza kupita 15. Mwako wa wakati huo una uhusiano na hali hiyo, ingawa laktati si sababu pekee.

Wala laktati si taka. Sehemu kubwa huchomwa na misuli yenyewe pamoja na moyo, ikawa nishati. Inayosalia husafirishwa na damu hadi kwenye ini, ambako hugeuzwa tena kuwa glukosi. Mzunguko huo unaitwa kwa jina la Carl na Gerty Cori, mume na mke waliokuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Kwa kawaida kazi yote hukamilika katika muda wa saa moja hivi, na mapema zaidi mchezaji akitembea au kukimbia polepole badala ya kuketi.

Maumivu ya siku ya pili hutokana na majeraha madogo mno katika nyuzi za misuli, hasa baada ya zoezi lisilozoeleka. Kukandwa huweza kuleta nafuu, ila hakuna asidi iliyobaki ya kukamuliwa.

Kosa hilo lina hatari yake. Misuli ikivimba, maumivu yakizidi kiasi na mkojo ukawa na rangi ya kahawa, huenda misuli inavunjika na figo zikadhurika. Wenye kinasaba cha selimundu, ambacho si haba nchini Uganda, wamo hatarini zaidi. Mchezaji wa namna hiyo harudishwi uwanjani. Hupelekwa hospitali siku hiyohiyo.