Mashine ya Kusafisha Hewa: Imetoka Wapi, na Itamfaa Nani?

 

Leo tuanze na swali. Je, mtoto wako huamka alfajiri akipiga chafya, pua ikichuruzika na macho yakimwasha? Je, usiku kifua chake hulia kama filimbi? Pengine umeambiwa ana mzio, yaani aleji, na jirani amekushauri ununue mashine ya kusafisha hewa. Kabla hujafungua kibeti, sikiliza kwanza historia ya mashine hiyo. Historia yake ndiyo itakayokuonyesha inachoweza na isichoweza.

Mwaka wa 1819, daktari mmoja wa London, John Bostock, aliwaeleza madaktari wenzake ugonjwa uliomsumbua mwenyewe tangu utotoni. Kila ifikapo Juni, macho yalimwasha, akapiga chafya na kukosa pumzi. Yeye alidhani chanzo ni joto la kiangazi. Ilipofika mwaka wa 1873, daktari mwingine Mwingereza, Charles Blackley wa Manchester, alichapisha majaribio aliyoyafanya juu ya mwili wake mwenyewe. Alijitia chavua puani, ule unga mwembamba wa maua ya nyasi, akaugua pale pale. Alirusha hata tiara ili anase chavua iliyo juu angani. Hapo ikadhihirika kwamba adui alikuwa akipeperushwa na hewa. Neno lenyewe aleji lilibuniwa mwaka wa 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna.

Sasa, kama adui yumo hewani, atachujwaje? Jibu halikutoka kwa daktari wa watoto. Lilitoka vitani. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, miaka ya 1940, Wamarekani walikuwa wakitengeneza bomu la atomiki kwa siri. Waliogopa vumbi lenye sumu ya nururishi lisiingie katika mapafu ya wafanyakazi. Wakatumia karatasi ya nyuzinyuzi zilizosongamana sana, yenye kunasa hata chembe isiyoonekana kwa macho. Baada ya vita, chujio hilo liliboreshwa na kuuzwa. Likaingia viwandani na hospitalini, na hatimaye majumbani. Leo linaitwa HEPA. Chujio halisi la aina hiyo, likipitishiwa chembe 10,000 zenye upana wa mikroni 0.3, huponyokwa na 3 tu. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko chembe hizo zaidi ya mara 100.

Bila shaka unasema, basi dawa imepatikana! Ngoja kidogo, mama.

Katika miaka ya 1960, watafiti wa mji wa Leiden huko Uholanzi waligundua kwamba kinachowadhuru wengi katika vumbi la nyumba ni viumbe vidogo mno vya jamii ya utitiri. Hula magamba ya ngozi yetu, na hupenda unyevunyevu, kama ule wa Pwani na kando ya Ziwa Victoria. Makao yao ni godoro, mto na blanketi. Hawaruki hewani. Kinyesi chao, ambacho ndicho huleta mzio, hupeperuka ukitandika kitanda, kisha hutua upesi. Mashine huchuja kile tu kinachoelea na kuifikia. Kilichomo godoroni, pale mtoto alipolaza pua yake usiku kucha, haikigusi. Ndiyo maana mashine peke yake mara nyingi huleta nafuu ndogo kuliko mnunuzi alivyotarajia.

Jambo la pili ni zito zaidi. Chujio la HEPA hunasa masizi ya moshi, lakini halinasi gesi. Jiko la makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Hakuna mashine ya namna hii itakayokuokoa nayo. Usilale na jiko chumbani, hata kama baridi ni kali na makaa yanaonekana yamefifia.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ziba ufa kwanza:

Pikia nje, au penye dirisha wazi.
Asivute mtu sigara ndani ya nyumba.
Fua mashuka na foronya kila wiki kwa maji ya moto sana, kisha uanike juani.
Funika godoro na mto kwa kitambaa maalumu cha kuzuia utitiri, ukiweza kukipata.
Pangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji, mtoto akiwa nje.

Ukishafanya hayo na bado una uwezo wa kununua mashine, uliza maswali haya dukani. Je, ina chujio halisi la HEPA? Inatosha ukubwa wa chumba anacholala mtoto? Chujio la kubadilisha linapatikana, na ni bei gani? Chujio likijaa uchafu halifanyi kazi. Ukiambiwa mashine inasafisha kwa kutoa ozoni, iache, kwa maana ozoni huwasha mapafu, hasa ya mwenye pumu.

Tena, mashine haichukui nafasi ya dawa. Usimwachishe mtoto dawa ya kuvuta aliyopewa na daktari. Na ukiona mbavu zinaingia ndani anapopumua, anashindwa kunyonya au kuongea, au midomo inageuka rangi, usingoje kupambazuke. Mkimbize hospitalini mara moja.

Basi mama, usiku wa leo, kabla ya kuuliza bei ya mashine, inamia kitandani kwa mtoto wako. Nusa mto wake. Tazama jiko liko wapi. Kazi inaanzia hapo.