Korodani Iliyojificha

Pwani ya Kenya inayajua mabusha. Lamu, ambako mbu hueneza vimelea vya matende, uvimbe wa pumbu huonekana na kusemwa. Lakini mfuko wa pumbu wa mtoto uliokosa korodani ni jambo la kimya. Ngariba alitahiri wavulana vizazi na vizazi, lakini kazi yake iliishia kwenye govi.

Hata madaktari wa ng'ambo walihangaika. Korodani huteremka kabla ya mtoto kuzaliwa. Ikichelewa kupita miezi 6, ni nadra kushuka yenyewe. Isipopapasika, mpasuaji alifungua kinena akiitafuta, na pengine haikuwepo kabisa. Mwaka 1976 Cortesi na wenzake, nchini Italia, walieleza jinsi ya kuitafuta kwa laparoskopia: bomba jembamba lenye taa na lenzi, lililopenyezwa tumboni kupitia tundu dogo. Kufikia miaka ya 1990, njia hiyohiyo ilitumika kuishusha. Mishipa yake ya damu ikiwa mifupi, hukatwa kwanza. Korodani huachwa miezi kadhaa ijizoeshe damu ya mishipa mingine, kisha hushushwa.

Visiwani Lamu, hatua ya kwanza haihitaji mtambo. Tangu 2015, shirika la Safari Doctors, lililoanzishwa na Umra Omar, hupeleka wahudumu vijijini kwa boti. Mkono wenye joto, mtoto akiwa ametulia, unatosha kugundua korodani isiyoshuka.

Wazazi wa Lamu, mwombeni muuguzi anayemchanja mwanenu ampapase. Operesheni ikihitajika, ifanywe kabla hajatimiza miezi 18, kwani kuchelewa huhatarisha uzazi na huongeza uwezekano wa saratani.